Usihesabu aliowaangusha, tazama hatua yake ya kwanza

Mwezi wa tano nilipigiwa simu na mzee mmoja Mkongo anayeishi hapa Ohio, mtu wa Uvira, baba wa kijana anayecheza lainibeki, yaani mlinzi, katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu. "Mwalimu," akaniambia, "watu wanakuja nyumbani, wanasema mtoto wangu atachukuliwa NFL. Mmoja ameacha na karatasi za kusaini. Niambie kweli." NFL ndiyo ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Kijana alikuwa ameangusha wapinzani zaidi ya 100 msimu uliopita, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitembea mdomoni mwa kila mgeni aliyekaa sebuleni kwao.

Nilimwomba siku kumi nitazame video. Haya ninayoandika ni yale niliyokuwa nikiyatafuta kwenye video zile, ili mzazi mwenye swali kama lake, au kijana anayeupenda mchezo huu, aweze kutazama kwa macho yake bila kungoja kuambiwa na mtu mwenye karatasi mkononi.

Mimi nilitoka Nakuru nikiwa mchezaji wa ragbi, jezi nambari 7. Nilipofika Ohio kusoma, chuo changu, kidogo cha daraja la tatu, kilikuwa kinatafuta mtu wa kukata video za mechi. Nilikaa katika chumba kile misimu minne, kisha nikafundisha malainibeki wa shule ya sekondari kwa miaka tisa. Kwa asiyeujua mchezo: lainibeki wa katikati husimama yadi nne au tano nyuma ya yale majitu ya mstari wa mbele wa ulinzi. Adui akikimbia na mpira, yeye ndiye wa kumzuia. Adui akirusha pasi, yeye ndiye wa kurudi nyuma na kukaba. Wako wengine wanaosimama pembeni ambao kazi yao kubwa ni kumvamia kwotabeki, yule mrusha pasi, lakini hiyo ni kazi nyingine na vipimo vyake ni vingine. Hapa nasema juu ya wa katikati.

Msimu wangu wa pili niliandika ripoti juu ya lainibeki wetu mmoja, nikamsifu kwamba anaweza kucheza popote, kwa kuwa ndiye aliyeongoza timu kwa kuangusha. Kocha mzee aliisoma, akaniita, akaifungua video. Kila kijana yule alipomwangusha mtu, kocha alisimamisha picha na kuniuliza: mpira ulianzia wapi, na mtu ameanguka wapi? Yadi sita mbele. Yadi nane. Yadi saba. Adui alikuwa ameshachukua alichokitaka kabla hajaguswa. Halafu akanionyesha jambo la pili, kwamba hata anayefika wa pili na kulala juu ya lundo huandikiwa sehemu yake. Sikuwahi tena kuanza na hesabu ile.

Tangu siku hiyo naanza na sekunde moja tu, ile inayofuata mpira unapotoka kuanza shambulizi. Utahitaji video ya juu, inayoonyesha wachezaji wote 22. Video ya televisheni inaufuata mpira, na lainibeki humwoni mpaka mambo yameisha. Simamisha picha kabla mpira haujatoka. Mtazame mchezaji wa mstari wa mbele wa washambuliaji aliye mkabala na lainibeki wako, si kwotabeki. Kisha achia video polepole. Kofia ya yule jitu ikipanda na kifua kikanyooka, inakuja pasi. Kofia ikishuka na mwili ukaja mbele, wanakimbia. Lainibeki mzuri anaisoma kofia ile, na mguu wake wa kwanza unakwenda panapotakiwa kabla wewe uliyeketi kitini hujajua mpira uko wapi. Asiyesoma utamwona anakanyaga palepale mara mbili, au anapiga hatua ya nyuma kisha anakimbia mbele kuifidia. Hatua hiyo moja ya uongo huenda asiadhibiwe nayo chuoni, kwa kuwa anakimbizana na vijana wengi ambao hawatacheza tena baada ya kuhitimu. Katika NFL, pengo lile limeshapitwa.

Mimi huchukua mechi tatu, zote dhidi ya wapinzani wazuri, na mashambulizi thelathini katika kila moja. Kwenye karatasi nina safu tatu: sahihi, kosa, amekwama. Nafanya hivyo kabla ya kutazama nani ameangusha nani. Ukishaona kishindo cha kumpiga mtu chini, jicho lako linampendelea, na hata hatua mbaya utaiona nzuri.

Kuna haki moja lazima wapewe vijana wa chuo. Sheria za chuo zinawaruhusu wachezaji wa mstari wa mbele wa washambuliaji kusonga hadi yadi tatu mbele hata kama shambulizi litaishia kwa pasi, wakati NFL inawaruhusu yadi moja tu. Timu nyingi za vyuo zimejenga mashambulizi yao juu ya sheria hiyo: mstari wa mbele unacheza kama mbio, kwotabeki anamtazama lainibeki, akimwona amekuja mbele anarusha mpira nyuma yake, akimwona amebaki anampa raningibeki, mkimbiaji wa mpira. Kofia inadanganya. Kwa hiyo ukimwona kijana amekwama katika mashambulizi ya namna hiyo, usimhukumu haraka. Mimi huyaweka kwenye karatasi ya peke yake. Kukwama ninakokuogopa ni kule kwa mbio za kawaida, ambako hakuna hila yoyote na bado miguu haijui iende wapi.

Baada ya miguu, naangalia nani yuko mbele yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Timu ya chuo cha Georgia ya mwaka 2021 ilitoa walinzi watano katika raundi ya kwanza ya drafti ya 2022, ule mgao ambao timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Jordan Davis na Devonte Wyatt, majitu wawili wa katikati, walikuwa wakiwameza wazuiaji, yaani washambuliaji wanaowazuia walinzi wasiufikie mpira, na malainibeki waliokuwa nyuma yao walikimbia uwanja uliofagiliwa. Sisemi walikuwa wabaya. Nasema mtazamaji alitakiwa kutafuta yale mashambulizi machache ambayo mzuiaji alipenya akawafikia, atazame mikono: je, anamsukuma mzuiaji mbali na kifua chake, au anamkumbatia na kubebwa naye? Ukitazama mashambulizi mia, mikono hiyo huenda utaiona mara kumi na tano tu. Hizo kumi na tano zina uzito kuliko nyingine zote, kwa kuwa ngazi ya juu kila mzuiaji atamfikia.

Timu hiyohiyo ina somo jingine. Quay Walker, mrefu na mwenye mwili, alichukuliwa na timu ya Green Bay nambari 22. Nakobe Dean, aliyekuwa ameshinda tuzo ya Butkus ya lainibeki bora wa vyuo mwaka huo, alisubiri hadi nambari 83, raundi ya tatu, ndipo Philadelphia wakamchukua. Dean ana futi 5 na inchi 11, na kulikuwa na wasiwasi juu ya majeraha. Msimu wa 2024 alikuwa akianza katika kikosi kilichokwenda kutwaa ubingwa, ingawa goti lilimtoa kwenye mechi za mtoano kabla ya fainali. Mimi nayasoma hayo yote mawili kwa pamoja: jicho la wale waliompenda halikukosea, na hofu ya wale waliomwogopea mwili nayo ilikuwa na msingi.

Kukaba pasi ndiko kunakoamua mshahara siku hizi. Timu za NFL huwa na mabeki watano wa nyuma katika sehemu kubwa ya mchezo, kwa hiyo malainibeki uwanjani mara nyingi ni wawili tu, na hao wawili hawana pa kujificha. Fred Warner akiwa chuo cha BYU alicheza sana pembeni, akikaba watu katika uwanja mpana. Alichukuliwa nambari 70 mwaka 2018, na San Francisco wakampeleka katikati. Leo ndiye kipimo ambacho wengine wote wanapimwa nacho. Unapotazama pasi, tazama kichwa. Kijana anaporudi nyuma, je, anageuza shingo kuwatafuta wapokeaji walioingia eneo lake, au anamkodolea macho kwotabeki huku mtu anapita nyuma ya mgongo wake? Na kwotabeki anapojifanya anampa raningibeki mpira, lainibeki wako ameshasogea hatua ngapi mbele kabla hajagundua? Wote hudanganywa. Mimi nahesabu hatua: anayegundua baada ya moja nafurahi naye, anayegundua baada ya tatu nampa mazoezi.

Hapa niseme jambo ninaloliamini sana. Usimfungie mtu katika nafasi aliyoicheza chuoni. Zack Baun alikuwa mvamizi wa pembeni chuo cha Wisconsin. New Orleans walimchukua raundi ya tatu mwaka 2020, na kwa miaka minne alicheza zaidi kwenye timu za mateke, zile zinazoingia mpira unapopigwa teke. Philadelphia wakamhamishia katikati mwaka 2024, akawa miongoni mwa bora kabisa wa ligi mwaka huohuo, na katika fainali ya Februari 2025 akamnyang'anya Patrick Mahomes pasi. Mtu ni yuleyule. Aliyebadilika ni aliyekuwa akimtazama.

Majaribio ya Indianapolis kabla ya drafti, mbio za yadi 40 na kunyanyua paundi 225, ambazo ni kama kilo 102, nayatazama mwisho. Aaron Curry wa Wake Forest alikuwa na tuzo ya Butkus, alikimbia vizuri, na mwaka 2009 wengi walimwita chaguo lisilo na hatari. Seattle walimchukua nambari 4. Kabla ya msimu wake wa tatu kwisha walikuwa wameshampeleka timu nyingine. Zach Thomas alichukuliwa raundi ya tano mwaka 1996 kwa kuwa alionekana mfupi na mzito, na mwaka 2023 aliingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Hapa Ohio tunamtaja London Fletcher, aliyetoka chuo cha daraja la tatu, John Carroll, ambaye hakuna timu iliyomchagua mwaka 1998, na akacheza mechi 256 mfululizo. Kasi ina kima chake cha chini, sikatai, na mwenye miguu mizito ataachwa na taitiendi wa leo, yule mpokeaji pasi mwenye mwili mkubwa. Lakini kutangulia si kufika: anayekimbia haraka kuelekea pasipo mpira anachelewa kuliko mzito aliyesoma kofia.

Ndugu zangu wa ragbi wa Kenya huniuliza kuhusu Daniel Adongo, aliyesaini na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huu, na bado akaingia uwanjani mwaka huohuo. Alikuwa na mwili, kasi na ujasiri wa kupiga. Walimtumia zaidi kwenye timu za mateke, ambako mtu anakimbia na kupiga. Kusoma kofia kwa nusu sekunde ni lugha, na wenzake walikuwa wakiizungumza tangu utotoni. Nalisema hilo kwa heshima kubwa kwake, maana nimeijaribu lugha hiyo na najua ugumu wake.

Nikamaliza siku zangu kumi. Kijana wa mzee wangu, kati ya mashambulizi 90, alikuwa na hatua sahihi mara 61, na kwenye mbio alinipendeza mno. Mikono yake ni mizuri. Kwenye pasi anamkodolea kwotabeki macho, na mara nne mtu alipita nyuma yake akiwa peke yake. Nilimweleza baba hivyo hivyo, mbele ya kijana mwenyewe, mezani kwao, video ikiwa wazi. "Kumbe haoni nyuma," mzee akasema. Nikamwambia ataona, akifundishwa.

Kuhusu karatasi, nilimsihi asisaini. Kijana bado ana mwaka mmoja wa chuo, na kusaini na wakala kwa ajili ya kwenda NFL kunaweza kumfungia mlango wa kurudi. Kupitia kocha wake wa chuo anaweza kuomba tathmini ya kamati ya NFL inayowashauri wachezaji ambao hawajamaliza muda wao. Majibu yake ni mafupi: una uwezo wa raundi ya kwanza, au wa pili, au rudi shuleni. Tathmini hiyo wanaitoa watu wa timu zenyewe, na hakuna anayepata asilimia kwa jibu lao.

Kiangazi hiki amekuja kwangu kila Jumamosi. Namsimamisha katikati ya uwanja, wapwa zangu wawili wanapita nyuma yake kwa zamu, naye anatakiwa kutaja jina la aliyepita huku mimi nimeshika mpira mbele yake. Wiki ya kwanza alikosea karibu yote. Jumamosi iliyopita alikosea mawili.