Gemu za mapigano: rahisisheni kazi ya vidole, msiguse uamuzi

Ninaendesha chumba cha gemu hapa Chang'ombe, Dodoma. Wateja wangu ni vijana wa bodaboda, watoto wanaopitia wakitoka shule, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ambao baadhi yao wanajifunza kutengeneza gemu wenyewe. Hao wa mwisho huniuliza mara kwa mara kama gemu ya mapigano inapaswa kuwa nyepesi ili kila mtu aiweze, au iwe ngumu ili mabingwa wapate pa kupimana. Huwashauri waligawe swali kwanza, kwa kuwa ugumu wa gemu hizi uko wa namna mbili. Upo ugumu wa vidole, yaani kuweza kutoa pigo ulilokusudia, na upo ugumu wa uamuzi, yaani kujua ni pigo gani litolewe, lini, na dhidi ya mpinzani wa tabia gani. Ugumu wa kwanza unaweza kupunguzwa sana bila hasara, lakini ule wa pili ndio gemu yenyewe.

Tazameni Tekken 3, iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 na ambayo watu bado wanaiomba. Ina vitufe vinne vya kupigia, na kila kimoja ni kiungo cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mgeni huelewa mpango huo kabla mechi ya kwanza haijaisha, na katika chumba ambamo aliyeshindwa humpisha mwenzake, huenda hiyo ndiyo mechi pekee atakayoipata siku hiyo. Akimchagua Eddy Gordo, mpiganaji wa capoeira (mtindo wa mapigano wa Brazili), na kubonyeza vitufe vya miguu bila mpangilio, anaweza kumshinda hata mtu aliyezoea. Wapo wanaokasirishwa na jambo hilo, lakini mimi naliona kuwa ni ubunifu mzuri, kwa sababu mateke yale yana majibu: anayejifunza lipi linapiga juu na lipi linapiga chini, akajua wakati wa kuinama na kujikinga, humzuia Eddy wa kubahatisha na kumwadhibu kila anapokosea. Basi mpeni mgeni silaha inayofanya kazi siku ya kwanza, ila hakikisheni mpinzani wake anaweza kujifunza namna ya kuijibu.

Mahali ambapo wabunifu wengi wachanga huteleza ni pale wanapodhani kwamba amri ngumu iliwekwa kwa ajili ya kumtesa mchezaji tu. Katika Street Fighter II ya mwaka 1991, ngumi maarufu ya kupaa hutolewa kwa kusukuma mbele, chini, kisha chini-mbele pamoja na kitufe cha ngumi. Katika gemu hiyo mtu hujikinga kwa kushikilia nyuma, kwa hiyo anayeanza amri ile analazimika kuiacha kinga yake kwa kitambo kidogo, na hiyo ndiyo gharama ya kutumia pigo kali namna ile. Ukiligeuza pigo hilo kuwa la kitufe kimoja, gharama inatoweka, na kila anayeruka kumshambulia mwenzake anaangushwa papo hapo. Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023, ilikabili tatizo hili kwa uwazi: anayechagua mtindo mpya wa vidhibiti hutoa mapigo maalumu kwa njia ya mkato, lakini pigo lililotolewa hivyo huumiza pungufu kwa asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida hayapati kabisa. Tunaweza kubishana kama kiwango hicho ni sahihi, ila kanuni yake naikubali: gharama ukiiondoa mahali pamoja, ihamishie pengine.

Kuna urahisi mwingine usiodai fidia kubwa, na kwa mazingira yetu nauona wa lazima. Gemu hizi huhesabu muda kwa fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini, na kwa kawaida sekunde moja ina fremu 60. Street Fighter IV ilikuwa na mfuatano wa mapigo uliodai kitufe kibonyezwe ndani ya fremu moja tu. Street Fighter V ya mwaka 2016 ililegeza sharti hilo kwa kupokea amri iliyowahi kidogo na kuitekeleza wakati wake ukifika. Pedi za vyumba vyetu hushikwa na mikono mingi tangu asubuhi hadi usiku, na vitufe vyake huchoka. Sharti la fremu moja linampima mwenye pedi mpya kuliko mwenye akili ya mchezo.

Bahati nasibu msiitumie kamwe kama njia ya kumsaidia mnyonge. Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 iliwafanya wapiganaji wajikwae ovyo wanapoanza kukimbia; wachezaji wengi wa mashindano walibaki na Melee, toleo lililoitangulia la mwaka 2001, na matoleo yaliyofuata yaliuondoa utaratibu huo.

Wanaoogopa kwamba kufungua mlango kunashusha kiwango wamtazame Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, aliyeshinda Tekken 7 katika EVO, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, mara mbili mwaka 2019, kwanza Japani, kisha Las Vegas. Alikulia katika mazingira ya vyumba vya gemu, ambako wapinzani wazuri walikuwa wengi na walikutana ana kwa ana. Wingi wa namna hiyo haupatikani ikiwa kila mgeni anakata tamaa siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa gemu yenu, ileteni katika chumba kama changu jioni ya Jumamosi. Mkalisheni mtu asiyewahi kuicheza, msimweleze chochote, na mtazame kama anatoa pigo alilolitaka. Kisha wawekeni wawili walioizoea wacheze mfululizo, na mwangalie kama aliyeshindwa mechi ya kwanza anabadilisha mbinu katika ya pili. Asipobadilisha, muulizeni kama aliona njia nyingine yoyote ya kucheza. Akisema hakuiona, msiongeze amri wala mapigo mapya. Rudini kwenye kinga, kwenye umbali kati ya wapiganaji na kwenye adhabu ya pigo lililokosa, mrekebishe hapo kwanza.