Dublin, Hilliard au mbaki Columbus?

Dada, umeuliza kama mhamie Dublin au Hilliard, miji midogo iliyo jirani na Columbus, kwa ajili ya shule, kwa kuwa kwenye ripoti ya shule ya jimbo la Ohio zina nyota nyingi kuliko Columbus. Nyota hizo, moja hadi tano, zisikubabaishe. Fungua ripoti uone vipengele vyake. Ufaulu wa mitihani mara nyingi hufuata kipato cha wazazi. Mimi hutazama kwanza maendeleo, yaani mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa. Halafu angalia shule yenyewe, maana ndani ya wilaya moja ya shule (eneo lenye uongozi wake wa shule) zinapishana sana. Na kwa vile wanao bado wanajifunza Kiingereza, piga simu uulize shule hiyo ina walimu wangapi wa kuwasaidia.

Kabla hujasaini mkataba wa nyumba: anwani ya Columbus si lazima iwe shule za Columbus. Kutokana na makubaliano ya 1986 kati ya wilaya za shule za eneo hilo, mitaa kadhaa ya jiji imo kwenye wilaya za shule za jirani, Hilliard na Dublin zikiwemo. Ingiza anwani kwenye tovuti ya Auditor wa Franklin County, yaani ofisi ya kaunti inayotunza kumbukumbu za nyumba na viwanja, utaona wilaya yake. Dalali usimwamini kwa hili.