Siku za ugonjwa hazikatwi kwenye likizo ya mwaka

Umeuliza kama mwajiri anaweza kukata siku ulizougua kwenye zile siku 28 za likizo ya mwaka. Hapana ndugu, hana ruhusa hiyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inatoa likizo ya ugonjwa peke yake: siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Ila cheti cha daktari ni lazima, bila hicho anaweza kukataa kukulipa, na hapo ndipo wengi wanaumia. Tunza nakala yako. Kama hujafikisha miezi sita kazini, kwa kawaida likizo yenye malipo bado hujaistahili.