Mwalimu, naomba kwenda chooni

Mwaka ule nilipangiwa darasa la tatu, watoto 87 chumba kimoja. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016, idadi ya namna hiyo haimshtui mwalimu yeyote. Walikuwamo waliosoma hadithi bila kusita, na walikuwamo waliokwama kwenye silabi.

Mvulana mmoja, kila nikisema "toeni vitabu vya Kiswahili", mkono juu: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Nikamshauri bibi yake ampeleke zahanati. Tumbo lilikuwa zima. Alikuwa anakimbia zamu yake ya kusoma kwa sauti.

Nikagawa darasa makundi matatu, A, B na C, kila moja na kazi ya kiwango chake. Kusoma kukapanda kweli. Lakini wiki ya pili nikasikia wakati wa mapumziko wasichana wanaoruka kamba wakiimba, "C, C, vilaza!" Yule mvulana akaacha kuomba chooni. Akaacha na kuja shule. Nilimkuta gengeni kwa bibi yake, anapanga nyanya.

Mwalimu mwenzangu, usijidanganye kwamba ukiyaita makundi Twiga na Sungura umeficha kitu. Siku moja tu watoto wameshajua wajinga wamewekwa wapi. Mimi kilichonisaidia ni kuyavunja mara kwa mara. Kusoma wanapangwa hivi, hesabu wanapangwa upya, michezo na usafi wanachanganyika. Tulipofika hesabu za fedha, mvulana akiwa amesharudi darasani, nilifungua "duka" la vifuniko vya soda, nikamweka muuza nyanya wangu kaunta. Kinara wetu wa kusoma akanunua mafungu matatu ya mia tano kwa noti ya elfu mbili ya karatasi, akadai chenji mia saba. Mvulana akamtazama, akasema taratibu, "Hesabu tena, unanipunja." Darasa likacheka, na safari hii hakuchekwa yeye.

Jingine: hadithi iwe moja kwa wote. Huyu asome ukurasa mzima, yule atafute maneno yenye "ng'", mwingine apange picha, kisha wote wabishane kama Sungura alikuwa na haki. Ukimpa mtoto wa darasa la tatu kitabu cha darasa la kwanza mbele ya wenzake, umemvua nguo.

Na wepesi nao wana mioyo. Nilizoea kuwafanya walimu wasaidizi, mpaka msichana mmoja akaniambia kwa machozi kwamba jirani yake akikosa, anaulizwa yeye.

Kwa watoto 87 huwezi kufanya haya kila kipindi. Mimi nilitenga dakika ishirini, siku mbili kwa wiki, basi.

Muhula wa pili yule mvulana akanyoosha tena mkono katikati ya Kiswahili. Chooni. Nikanyong'onyea. Alitoka mbio, akarudi mbio, mikono bado inachuruzika maji, akauliza, "Mwalimu, zamu yangu haijapita?"