Kuipenda bendi ambayo mtaani kwako haijui mtu

Ukitaja jina la bendi unayoipenda na watu wakauliza "ndio kina nani hao?", nina ushauri mmoja tu kwako, mengine yote yanatokana na huo: yape mapenzi yako kazi ya kufanya. Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kuambiwa hivi. Ana mechi, ana mtani wa kubishana naye, ana jezi ya kununua kila msimu. Shabiki wa bendi ndogo hana hata kimoja. Akiishia kusikiliza peke yake na spika za masikioni, miaka inapita na mapenzi yenyewe yanageuka hadithi ya ujana.

Bendi yangu ni Gentle Giant ya Uingereza. Walianza mwaka 1970 na kuvunjika 1980, albamu 11 za studio, muziki wa aina inayoitwa roki ya progresivu: nyimbo zenye mapigo yanayobadilika katikati ya mstari, fidla na filimbi zikiingia palipotarajiwa gitaa. Kiini chake kilikuwa ndugu watatu, Phil, Derek na Ray Shulman. Kabla ya hapo walikuwa na kundi la muziki wa pop, Simon Dupree and the Big Sound, lililopata wimbo mmoja uliovuma mwaka 1967, na maisha hayo yakawachosha. Wakamchukua Kerry Minnear, aliyesomea utunzi Royal Academy of Music jijini London, na Gary Green, mpiga gitaa wa bluzi. Kwenye jalada la albamu ya pili, mwaka 1971, waliandika wazi kwamba nia yao ni kusukuma mipaka ya muziki wa siku zao hata kama itawagharimu kupendwa.

Na iliwagharimu. Mwaka 1972 walipiga kwenye jukwaa la Hollywood Bowl kule Marekani wakiwatangulia Black Sabbath, bendi ya roki nzito. Watu waliokuja kutikisa vichwa wakawazomea. Mwaka uliofuata wakatoa In a Glass House, ambayo kwangu mimi ndiyo kilele chao, na kampuni ya Marekani ikakataa kuitoa ikiona haitauzika. Mashabiki wa huko wakawa wanainunua kama bidhaa ya kuagizwa kutoka nje. Albamu iliyofika juu zaidi kwenye chati za Marekani ni Free Hand ya 1975, nayo iliishia nafasi ya 48.

Sasa, hao ni watu walioacha kupiga pamoja kabla mimi sijajua kusoma, na hawakurudi tena. Ni nini kimewafanya mashabiki wao waendelee kuwapo? Jibu liko kwenye mikutano yao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakikutana Amerika Kaskazini na Ulaya. Hawakutani kuangalia picha za zamani na kulia. Wanakuja na vyombo. Mtu anafanya mazoezi ya kipande kigumu kwa miezi nyumbani kwake, halafu anakutana na wengine waliojifunza vipande vyao, wanapanda jukwaani na kupiga. Baadhi ya wanamuziki wenyewe wamewahi kuhudhuria na kukuta nyimbo zao zinapigwa na walimu na wahandisi wa kompyuta. Wakati wa korona mashabiki kutoka nchi mbalimbali walijirekodi kila mtu kwao wakiuimba wimbo wa Proclamation, na waliokuwa wanabendi nao wakaingia kwenye video hiyo hiyo. Kundi la watu lenye mazoezi halivunjiki kirahisi.

Mimi siko Montreal wala London, nipo Tanzania, na ninaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa. Nikajiuliza kazi yangu itakuwa ipi, na kwaya ikanipa jibu. On Reflection, wimbo wa kwenye Free Hand, unaanza kwa sauti nne tupu bila chombo. Moja inatamka wazo, ya pili inaingia nyuma yake na wazo lile lile, ya tatu, ya nne, mpaka zote zinasukana. Mwanakwaya yeyote aliyelelewa na nota za solfa anaelewa mara moja kinachoendelea, kuliko hata mpenzi wa roki ambaye hajawahi kushika karatasi ya nota. Nikakaa nikaiandika sauti kwa sauti, d r m, mstari kwa mstari. Kazi ya kutoa jasho, maana pale unapodhani sauti ya tatu imepumzika kumbe imejificha chini ya ya pili. Kisha nikawaomba wenzangu watatu tubaki baada ya mazoezi.

Mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni akatusikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Huu unamsifu nani?" Nikamwambia haumsifu mtu, mwalimu, ni jamaa aliyeachana na mpenzi wake. Akacheka, akasema basi Jumapili tusiuguse, lakini kwenye besi yangu nilikuwa napanda nusu sauti kwenye mstari wa tatu.

Hapo ndipo unatoka ushauri wangu wa pili, wa namna ya kumwonjesha mtu mwingine. Usimpe wimbo unaokuliza wewe, mpe ule unaogusa kitu anachokijua tayari. Kwa mwanakwaya ni On Reflection. Kwa mpiga besi ni Free Hand, wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu. Anayependa muziki wa zamani wa kanisani au wa kasri za Ulaya, mpe The Advent of Panurge. Wimbo wa Knots uache kwanza; ni wa kumpa mtu aliyekwisha kuingia ndani, maana ukimpa mgeni atadhani simu yako imeharibika. Na akisema hapendi, mkubalie. Usimwambie asikilize mara kumi ndipo ataelewa. Hakuna anayependa kuambiwa masikio yake yana upungufu.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu mashabiki wa progresivu tuna ugonjwa wetu. Tunapenda kujiona wasomi. Tunahesabu mapigo ya saba kwa nane mbele za watu wanaotaka kucheza tu. Nimesikia mtu akiidharau bongo fleva nzima kwa sentensi moja, huku yeye mwenyewe akiinunulia harusi yake dijei wa bongo fleva. Bendi kutojulikana hakuongezi ubora wake hata chembe. Gentle Giant wenyewe, mwaka 1978, walitoa Giant for a Day wakitafuta redio, na ni albamu dhaifu ambayo haijulikani vilevile.

Kuhusu fedha. Bendi ndogo haiishi kwa kusikilizwa bure, na haiishi kwa senti za kusikilizwa mtandaoni. Mashabiki wa Marillion, bendi nyingine ya Uingereza, ndio walioonyesha njia: mwaka 1997, bendi iliposema haina uwezo wa kuzuru Amerika, walichangishana wao kwa wao kama dola 60,000 na ziara ikafanyika. Kisha zaidi ya watu 12,000 wakailipia albamu yao ya 2001 kabla haijarekodiwa. Ukiwa huku kwetu, usafirishaji wa santuri kutoka Ulaya unaweza kuzidi bei ya santuri yenyewe, na bado ushuru. Kwa hiyo nunua muziki wa kupakua, tena kwenye duka la bendi yenyewe kama lipo. Ni ghali kuliko kifurushi cha data, lakini faili linabaki lako, na pesa yako inawafikia.

Wanaonifundisha zaidi kuhusu mapenzi yanayofanya kazi, hata hivyo, ni mashabiki wa Cardiacs. Bendi hii ilianzia karibu na London mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaongozwa na Tim Smith, ndugu yake Jim akipiga besi. Magazeti mengi ya muziki ya Uingereza yaliidharau. Juni 2008 Tim alipata mshtuko wa moyo, ubongo ukakosa hewa, na akabaki na ulemavu mzito wa misuli. Akili ilikuwa timamu, mwili ndio ulikataa. Hapakuwa na maonyesho tena wala albamu mpya. Kwa hesabu ya biashara, hadithi ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2010 wanamuziki wenzake, Steven Wilson na Andy Partridge wakiwemo, waliimba upya nyimbo zake kwenye albamu moja ambayo mapato yake yalikwenda kwenye matunzo yake. Mwaka 2018 familia na marafiki wakaomba michango ya huduma, lengo pauni 40,000, likapitwa haraka. Mwaka huo huo Royal Conservatoire of Scotland ikampa shahada ya heshima ya udaktari wa muziki. Tim alifariki Julai 2020. Albamu aliyokuwa ameianza kabla ya kuugua, LSD, ilikamilishwa na nduguye na wenzake, ikatoka Septemba 2025. Watu walikuwa wameisubiri zaidi ya miaka 15, na katikati ya kusubiri huko walikuwa wanalipia uuguzi, si wanalalamika mitandaoni kwamba imechelewa.

Jambo jingine: usiwasumbue wanamuziki warudiane. Derek Shulman aliingia kwenye kampuni za rekodi na ndiye aliyewasaini Bon Jovi. Ray alikuwa prodyuza, akafanya kazi na The Sugarcubes, bendi ya Björk. Ray amefariki mwaka 2023. Watu hao waliamua sura ile imefungwa, na waliotaka kupiga tena, kama Gary Green, walianzisha kundi jipya lenye jina jingine, Three Friends. Mpangilio wa busara. Kila mtu alipata alichotaka, isipokuwa wale waliokuwa wakiandika barua za kudai tiketi.

Kama umefika hapa na unataka kuanza leo, chukua Free Hand iliyochanganywa upya na Steven Wilson mwaka 2021. Sauti zimetenganishwa vizuri na utasikia nani anaingia wapi. Baada yake Octopus ya 1972, kisha In a Glass House ukiwa na usiku mtulivu. Kwa Cardiacs anza na wimbo wa Is This the Life? kabla ya kujaribu Sing to God, ambayo ni ndefu na ina kelele za makusudi. Na kama una kwaya yenye mtu wa sauti ya tatu asiyeogopa kuingia peke yake, nota za solfa ninazo, niandikie.