Maswali na Majibu: Matangazo ya Tiba Nchini Australia

Wasomaji watatu wa leo wamesajiliwa kutoa huduma za afya Australia, ambako matangazo ya huduma hizo yanasimamiwa na kifungu cha 133 cha Sheria ya Taifa ya wataalamu wa afya.

Mgonjwa ameandika kwenye ukurasa wa Facebook wa kliniki yangu: "Mgongo ulinitesa miaka miwili, vikao vitatu tu nimepona." Je, niuache ujumbe huo?

Uondoe. Maneno ya mgonjwa yanayogusa dalili, tiba, matokeo au ustadi wa aliyemtibu ni ushuhuda, na kifungu hicho kinakataza kuutumia katika tangazo hata kama kila neno ni la kweli, kwa kuwa mgongo wa msomaji mwingine hauwezi kupimwa kwa vikao vitatu vya huyu. Angesifu ukarimu wa mapokezi au nafasi ya kuegesha gari, pasingekuwa na kosa. Huwajibiki kwa aliyoyaandika kwenye tovuti usiyoidhibiti, lakini ukiyanakili na kuyabandika kwako, yamekuwa tangazo lako. Mwaka 2022 palikuwa na pendekezo la kufuta katazo hili. Halikupita, na marekebisho hayohayo yakapandisha faini ya juu kutoka dola 5,000 hadi 60,000 kwa mtu binafsi, na hadi 120,000 kwa kampuni.

Naweza kutangaza "uchunguzi wa kwanza bure"?

Unaweza, mradi masharti yote yaandikwe wazi palepale. Ule mstari wetu wa "vigezo na masharti kuzingatiwa", unaosomwa redioni kwa mbio, hautoshi. Tena bure iwe bure kweli: gharama ikifichwa ndani ya bei ya huduma inayofuata, tangazo linapotosha.

Mimi ni daktari wa meno. Katika kipeperushi cha Kiswahili nimejiita "Dr" na "daktari bingwa wa meno ya watoto". Kuna tatizo?

"Dr" haina shida ukiongeza kwamba wewe ni wa meno. Tatizo ni "bingwa". Sisi hulitumia neno hilo hata kwa fundi wa baiskeli, lakini kwa mgonjwa linamaanisha ubobezi uliothibitishwa, na sheria inakataza neno lolote linaloweza kueleweka hivyo ikiwa hujasajiliwa katika fani hiyo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Andika "nina uzoefu mkubwa wa kutibu meno ya watoto", kama unao, na vile vipeperushi vilivyokwisha kusambazwa madukani vikusanye.