Gia ya pili inakwaruza asubuhi: oili gani inafaa?

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Subaru Impreza WRX ya gia tano za mkono. Nimeweka oili ya giaboksi 85W-140, niliambiwa nzito ndiyo hulinda. Sasa asubuhi gia ya pili inakwaruza mpaka gari lipate moto. Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Pole sana, ndugu. Imwage wiki hii hii. Gia haiingii mpaka pete ya shaba iliyo ndani ya giaboksi isawazishe mwendo wa gia na shafti, na pete haishiki kabla ya kukata utando wa oili. Kwa baridi ya Uyole mwezi Julai, 85W-140 inakuwa nzito kama asali; pete inateleza, meno yanagongana.

Weka 75W-90, ambayo ni nyepesi zaidi, ya daraja la GL-5 (GL ni daraja la oili ya gia; namba ikiwa kubwa, inahimili mgandamizo zaidi), kama lita 3.5. Utaambiwa GL-5 hula shaba, na kweli giaboksi nyingi hutaka GL-4. Lakini kwenye WRX yako giaboksi na difu ya mbele (meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele) vinakunywa oili moja, na meno ya difu hiyo husagana kwa mgandamizo mkali ambao GL-4 haiuhimili.

Endesha dakika 15, egesha pasipo mteremko, mwaga ikiwa na moto. Simamia mwenyewe: wapo wanaofungua nati ya kumwagia oili ya injini kwa makosa, kisha wanajaza giaboksi iliyokwisha kujaa. Jaza kupitia tundu la dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya giaboksi, taratibu, ukipima.

Ichungulie oili ya zamani juani. Ikimetameta kama unga wa dhahabu, pete zimelika. Hapo hata oili sahihi haitanyamazisha gia ya pili.